Kozi ya Ukunga Mtandaoni: Kutoka Kioo cha Simu Hadi Mikononi

Kabla hujafungua simu, fungua Kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya zahanati ya akina mama wanaojifungua. Ndivyo ninavyomwambia kila muuguzi mpya anayeletwa zahanati kwetu akaniuliza, "Dada, kozi gani nzuri ya ukunga ya kusoma mtandaoni?" Namwambia avute stuli akae, tupitie pamoja wazazi wa miezi 6 iliyopita, mstari kwa mstari. Wangapi walitokwa damu nyingi? Watoto wangapi hawakulia walipotoka? Wangapi tuliwapa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, na kwa sababu gani? Kozi ya kwanza ya kusoma imo mle ndani, mara nyingi kwenye mstari wenye mwandiko mbaya, kwa kuwa aliyeuandika mikono ilikuwa bado inamtetemeka.

Mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wangu wa 19 kazini, na zahanati yetu iko njia ya Pangani, kusini mwa mji wa Tanga. Tuko wauguzi wawili, tabibu mmoja, mhudumu wa afya mmoja na mlinzi. Wanaojifungulia kwetu ni wake wa wavuvi na wakulima wa mihogo na minazi. Wengine wanaletwa na bodaboda usiku wa manane, wengine mtoto anazaliwa mama akiwa hajavuka kizingiti. Nilipoanza kazi, mafunzo yalikuja kwa barua: siku 5 mjini, nafasi moja, anakwenda aliyebahatika. Siku hizi mafunzo yamo kwenye simu na nafasi ni ya kila mtu. Lakini nimeona wakunga wenye rundo la vyeti vya mtandaoni wakisimama mbele ya mtoto asiyepumua, mikono haijui ianzie wapi. Nami nimewahi kuwa mmoja wao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu inahusu ile safari ya kutoka kwenye kioo cha simu hadi mikononi. Hapo ndipo kozi nyingi zinapopotelea.

Mstari ulionianzisha mimi ni wa mwaka 2018. Uzazi wa nne, mtoto wa kike, kondo la nyuma limetoka zima. Niliukanda mfuko wa uzazi, ukawa mgumu, nikageuka kuandika. Nilipomrudia mama, alikuwa anapiga miayo na kusema anasikia baridi. Kanga mbili zilikuwa zimelowa chapachapa. Kitabuni niliandika "damu ml 400". Kule alikopelekwa walikadiria zaidi ya lita moja. Alipona, alhamdulillahi, na binti yake anasoma shule ya msingi jirani na sisi. Kila asubuhi namwona akipita na mkoba mgongoni. Ila ile 400 haikunitoka. Dripu ilikuwepo, dawa ilikuwepo, lakini sikuwa na jicho la kuijua damu. Basi nikatafuta kozi ya kutokwa damu baada ya kujifungua, nikaziacha nyingine zote, hata zile zilizokuwa na cheti cha kupendeza zaidi.

Kuichuja kozi kabla ya kuianza

Angalia kwanza nani anafundisha, kisha tafuta mwaka ambao masomo yaliandikwa au kupitiwa upya. Huu wa pili wengi wanauruka, na ndio unaoumiza. Ukunga unabadilika. Kozi ikikuambia uchungu umekolea njia inapofika sentimita 4, ujue iliandikwa kabla ya 2018. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanzia sentimita 5, na chati yake mpya ya kufuatilia uchungu, iliyokuja kushika nafasi ya patografu ya zamani, ilitoka 2020. Kozi ikikufundisha kukata kitovu papo hapo wakati mtoto analia vizuri, imepitwa. Asubiriwe angalau dakika 1. Ikikufundisha kuvuta ute mdomoni na puani mwa kila mtoto hata anayelia, imepitwa. Ikizungumzia damu mwanzo hadi mwisho bila kuitaja asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kukata, basi iliandikwa kabla ya utafiti wa 2017 uliowahusisha wanawake zaidi ya 20,000, wakiwemo wa kwetu Tanzania. Na ikikuambia usubiri mililita 500 zitimie ndipo uanze kuhangaika, haijafikiwa na mwongozo wa Shirika hilo wa Oktoba 2025, unaosema mililita 300 zinatosha kuanza kazi ikiwa mapigo ya moyo au presha vimeshaanza kuyumba.

Soma haya ukiwa na mwongozo wa Wizara ya Afya mkononi, kwa sababu kazini unafuata huo. Ukiona kozi na mwongozo vinapishana, mpelekee tabibu wako au mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, mkae mzungumze. Usibadilishe dozi peke yako kwa sababu video imesema.

Halafu kuna pointi. Leseni yetu inahuishwa kwa pointi za mafunzo endelevu, na anayezikubali au kuzikataa ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Uliza kabla ya kulipa. Mwaka 2021 niliona tangazo kwenye kundi moja la WhatsApp: kozi ya wiki 2, cheti cha kimataifa, shilingi 45,000. Nikatuma hela. Masomo yalikuwa kurasa zilizopigwa picha kutoka kitabu cha zamani, mtihani ulikuwa na majibu yake chini, na cheti kilipokuja hakikuhesabiwa popote. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mwanangu. Tangu hapo nina kanuni: anayenidai hela kwa namba ya mtu binafsi, na hawezi kunionyesha kibali cha Baraza, simsikilizi. Ukiwa na shaka, wapo wenzetu wa Chama cha Wakunga Tanzania, uliza.

Nzuri za bure zipo. Shirika la Afya Duniani lina WHO Academy, iliyofunguliwa rasmi mjini Lyon, Ufaransa, Desemba 2024, na kozi zake nyingi za mtandaoni hazina malipo. Ipo programu ya simu iitwayo Safe Delivery App, ya Maternity Foundation kutoka Denmark. Ukishaipakua na masomo yake, inafunguka hata pasipo mtandao, na ina video fupi za kuchora, kadi za hatua za dharura, orodha ya dawa, na maswali ya kujipima. Na kuna Global Health Media ya Marekani, wanaotengeneza video za leba halisi, mikono halisi, mama halisi. Baadhi zinasikika kwa Kiswahili. Hizo za Kiswahili nazipenda kwa sababu mhudumu wetu wa afya, ambaye Kiingereza kinampa taabu, tunaangalia naye bega kwa bega.

Kuhusu simu yenyewe sina mengi. Pakua kila kitu ukiwa mjini ambako mtandao una nguvu, au usiku kwa bando la usiku. Futa video za harusi upate nafasi. Masika umeme wetu unakatika, kwa hiyo chaji mapema. Barua pepe unayojiandikishia iwe yako mwenyewe, usitumie ya mtoto wa dada, na jina liwe lile lile lililo kwenye leseni, herufi kwa herufi. Nilipoteza cheti kimoja kwa sababu ya jina la baba kuandikwa tofauti.

Kusoma kwa dakika 25

Nasoma baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Dakika 25, siku 4 kwa wiki. Niliwahi kujaribu kusoma zamu ya usiku, kwa kuwa leba ikiwa tupu mtu unaona muda upo, lakini sikio lote linakuwa getini kusubiri bodaboda. Familia ni muhimu ijue. Mume wangu nilimwambia wazi kwamba saa hiyo ninapokuwa na simu niko darasani, na sasa yeye ndiye anayebandika chai.

Video nasimamisha kila inapofika mahali pa uamuzi. Mama anatokwa damu, mkunga wa kwenye video anainua mkono: simamisha. Sema kwa sauti wewe ungefanya nini sasa hivi, kwa vitu vilivyomo kwenye kabati lako. Kisha iachie iendelee. Hili peke yake lilinifunulia jambo la aibu. Kozi ilisema oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Nikasema kwa sauti, "Ninachukua oksitosini," na mkono wangu ukaelekea upande wa trei, juu ya meza, kwenye joto la Tanga la Februari. Tulikuwa tunaiacha pale siku nzima ili iwe karibu. Ilikuwa desturi, na hakuna aliyeihoji. Asubuhi ile ile tulihamishia dawa kwenye jokofu, tukaweka kibebeo kidogo chenye barafu leba kwa ajili ya ampuli za zamu. Najiuliza bado ni wazazi wangapi tuliwachoma dawa iliyokwisha kuchoka kwa joto.

Nina daftari la mistari lenye kurasa mbilimbili. Kushoto naandika kozi inavyosema, kwa Kiingereza chake. Kulia naandika nitakachomwambia mama, kwa maneno yetu. Wengi mtaona huo ukurasa wa kulia ni kazi ya bure. Mimi naona ndio nusu ya kozi, hasa kwenye uzazi wa mpango.

Chukua mfano wa kijiti. Kozi inakuonyesha gurudumu la Shirika la Afya Duniani, chati ya duara ya kuchagulia njia ya uzazi wa mpango inayomfaa mama, lenye makundi 4: kundi la 1 njia inatumika bila kizuizi, la 2 faida inazidi hatari, la 3 hatari kwa kawaida inazidi faida, la 4 usitumie kabisa. Unajifunza kwamba mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki 6 yuko kundi la 4 kwa vidonge vyenye homoni mbili, kundi la 3 kwa sindano, lakini kundi la 2 kwa kijiti, kwa hiyo anaweza kuwekewa kabla hajarudi kwao. Tangu 2015 ndivyo ilivyo. Umefaulu mtihani. Halafu anaingia bibi mwenye binti yake, anakuuliza, "Mwanangu, hicho kijiti si kinatembea mwilini kikafika moyoni?" Gurudumu haliko hapo. Ukurasa wangu wa kulia unasema hivi: "Bibi, kaa nami. Shika hapa mkononi mwa sista mwenzangu. Unakisikia? Amekaa nacho mwaka wa pili na kiko pale pale tulipokiweka, chini ya ngozi, hakikuingia kwenye mshipa." Mwenzangu ameridhia kushikwa mkono, Mungu amlipe. Maneno hayo niliyaandika alfajiri, nikayasema mbele ya kioo, nikayafuta mara 3. La kitanzi kumchoma mume nalo lina ukurasa wake, na linahitaji mume awepo, tena azungumzwe naye kwa heshima, aitwe "shemeji" au "baba fulani", asifanywe mtoto wa shule.

Wiki ile ile, mikono

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Huko Haydom, mkoani Manyara, wauguzi wa hospitali walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri. Watafiti wakaenda leba kuwaangalia wakiwa na watoto wa kweli, wakakuta kazi haikubadilika. Hayo yalichapishwa 2013. Hawakuwalaumu wauguzi wala hawakuleta kozi ndefu zaidi. Walileta mazoezi mafupi pale pale kazini: dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 za marudio kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Wauguzi ni wale wale, jengo ni lile lile. Niliposoma hilo nilizima simu nikakaa kimya, maana nilikuwa nimefanya kozi ile ile ya kupumua mara mbili na kuweka vyeti vyote kwenye fremu.

Kwa hiyo kwetu kuna Jumatano. Kliniki ikiisha, saa saba mchana, dakika 10, wote watano, pamoja na mlinzi. Aliyesoma kozi wiki hiyo ndiye anayeongoza. Usimwache mlinzi nje kwa kuwa "si mtu wa afya". Usiku yeye ndiye anayeshika tochi, anayefungua geti na anayejua namba ya dereva.

Zoezi la damu tunalifanya hivi. Chemsha rozela iache rangi nzito, ipoe. Tafuta jagi lenye alama za mililita, kanga mbili chakavu, pedi, na mpira wa kitandani. Mmoja abaki ndani, wengine watoke. Amwage 150 kwenye pedi, 300 kwenye kanga, 500 kitandani na sakafuni nusu kwa nusu, 1,000 kwenye beseni. Mwingie mmoja mmoja, kila mtu aandike makadirio yake bila kuoneshana. Mara ya kwanza tulikosea wote wanne tulioingia, na wote upande mmoja: tuliiona damu kuwa ndogo kuliko ilivyo. Mimi ile 500 niliandika 250. Hapo ndipo nilipokumbuka mama wa 2018. Baadaye nikasoma kwamba Kigoma watafiti walishaitumia kanga kama kipimo, kwamba kanga mbili zikilowa, damu imezidi mililita 500. Kanga mbili zilikuwa chini ya yule mama, na mimi niliandika 400.

Baada ya jicho, mikono. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania na kutangazwa 2023, uliweka chini ya mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, na damu ikivuka mstari, matibabu yote yakaanza kwa mkupuo. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo, kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe tunazijua siku zote. Tulichokuwa tunakosea ni kuzipanga foleni: kanda kwanza, tuone; choma oksitosini, tuone; weka dripu, tuone. Ule muda wa "tuone" ndio unaommaliza mama.

Zahanati ndogo inawezaje kufanya yote kwa mkupuo? Kwa kugawana kabla. Mimi nakanda mfuko wa uzazi na kuhakikisha kibofu kiko tupu. Mwenzangu anatoa oksitosini, anaweka mshipa na kuning'iniza dripu, kisha asidi ya traneksamiki gramu 1 mshipani, taratibu kwa dakika 10, ikiwa haijapita saa 3 tangu mama ajifungue. Tabibu anakagua kondo na michaniko. Mhudumu anapima presha na mapigo na kusema namba kwa sauti, anaandika saa. Mlinzi anapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na wazazi, na kutaja jina la zahanati, tatizo, na hali ya mama kwa sentensi tatu alizozikariri. Tunapiga mapema, kwa sababu gari kutoka mjini hadi kwetu lina safari yake, na gari likifika damu imekata tunamshukuru dereva tunamnywesha maji. Tukiwa wawili tu usiku, mgawanyo ni mwingine, nao tunaufanyia zoezi. Kila mtu ajue kazi yake akiwa wa pili, na akiwa peke yake na mlinzi.

Zoezi la mtoto linahitaji kitu ambacho kanga haiwezi. Kumkausha, kumsisimua, kumweka kichwa sawa, hayo unaweza kufanya kwa mwanasesere wa kanga iliyokunjwa. Lakini kubana ambu begi, mfuko wa kumpulizia mtoto pumzi, mpaka uone kifua kinapanda kunahitaji mwanasesere maalumu wa mafunzo. Andika barua kwa mratibu wa wilaya, muombe mkopeshwe kwa zamu na zahanati jirani. Sisi mwanasesere huyo anatufikia wiki moja kila mwezi, anakuja kwenye boksi nyuma ya pikipiki. Tunahesabu kwa sauti, "Puliza, mbili, tatu, puliza, mbili, tatu," ili pumzi zifike kama 40 kwa dakika, na mlinzi anashika saa ya simu kwa ile dakika 1 ya kwanza ambayo mtoto asiyepumua lazima awe ameshapata pumzi yake. Nusu ya dakika hiyo hapo mwanzo ilikuwa inatuishia tukitafuta barakoa ndogo kabatini. Sasa imefungwa ukutani kwa kamba, juu ya meza ya mtoto.

Kuna mambo ambayo simu haikupi ruhusa ya kuyafanya hata ukipata alama 100. Kuweka kitanzi, kuweka na kutoa kijiti, kutoa kondo kwa mkono, kuvuta mtoto kwa vakyumu. Soma nadharia mtandaoni, ndiyo, itakufupishia safari. Kisha omba barua uende kwa aliyezoea, akusimamie, mpaka yeye aseme unaweza. Binti mmoja aliyetoka chuoni aliniambia ameangalia video ya kitanzi mara 20. Nikamwambia ni vizuri sana, na kesho yake nilimpeleka kwa sista anayeviweka kila wiki. Aliporudi aliniambia hakujua kwamba mlango wa kizazi una ukinzani namna ile mkononi.

Na nakusihi sana kuhusu picha. Makundi ya masomo yana mazoea ya mtu kutupia kisa: picha ya mama, ya kondo, ya mtoto mwenye ulemavu, "wataalamu, mnasemaje?" Usitume. Mama aliyekuja kujifungua kwako hakukupa mwili wake uwe somo. Tanga ni ndogo, kanga moja tu na jina la mtaa vinatosha watu kumjua. Uliza swali lako bila picha, bila jina, bila kijiji, bila tarehe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mama huyo utakutana naye sokoni.

Kurudi kitabuni

Cheti kikitoka, kihifadhi kwenye barua pepe na pia chapisha kimoja, kipeleke kwenye faili lako, ingiza pointi zako mara moja usisubiri mwezi wa kuhuisha leseni ambapo kila mtu anahangaika. Hiyo ni kazi ya robo saa.

Kazi yenyewe inakuja miezi 3 baadaye. Fungua tena Kitabu namba 12, kwenye mistari ya tangu ulipomaliza kozi. Soma kama mkaguzi asiyekujua. Sisi tulipofanya hivyo kwa kozi ya damu, kitu cha kwanza tulichokiona hakikuwa vifo wala rufaa, kwa sababu zahanati moja haina wazazi wengi kiasi hicho. Tulichokiona ni kwamba zile namba za kukadiria tu zilikuwa zimepungua. Zamani kila mstari ulikuwa 100, 150, 200, 100. Sasa kulikuwa na 170, 240, 310. Na kwenye mstari mmoja, uzazi wa tano, usiku wa Jumamosi, mwenzangu alikuwa ameandika "ml 350, imepimwa", na mbele yake saa ya oksitosini, saa ya dripu, saa ya simu ya 115, zote ndani ya dakika 6. Mama huyo alilala kwa uangalizi na alirudi kwake kwa miguu yake.

Kurasa mbili mbele kuna mama aliyepelekwa Bombo kwa presha 160 kwa 110, kichwa kinamuuma, macho yanaona nyota. Mwandiko ni wangu, na dozi ya magnesiamu nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Kwa hiyo kozi yangu inayofuata ni ya kifafa cha mimba. Nimeshaipakua, na Jumatano ijayo mhudumu wetu amekubali kulala kitandani awe mgonjwa.